Jiliwa Limekwenda Harusini

Nyinyi vijana mlionijia wiki iliyopita, nilipowaambia kwamba jiliwa halipo, limekwenda harusini, niliona mlivyotazamana. Mmoja wenu alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Yule mwenye adabu zaidi akaniuliza kwa sauti ya upole kama nimeshakunywa dawa zangu za asubuhi. Nimekunywa, ahsante. Akili yangu bado ipo, ingawa haijawahi kuwa nyingi, kama mtakavyojionea. Mlipoona benchi tupu na matundu ya skrubu mlipanda pikipiki yenu mkaondoka kabla sijamaliza kusema, kwa hiyo nimeamua kuwaandikia. Mtu akiandika hakatizwi na pikipiki.

Kwanza mjue mnachokitafuta, maana nina wasiwasi mnalitaka kwa sura yake tu. Majiliwa mnayoyaona kwenye karakana za vyuma ni mafupi na manene, yamekaa juu ya benchi kama chura. Ni mazuri kwa kushika bomba au kipande cha nondo. Lakini mfungie chura huyo ubao uliopinda, mrefu kuliko wewe, kisha ujaribu kuuchonga upande wa chini. Ubao utagonga benchi, na wewe utagonga vifundo vya vidole. Jiliwa la watengeneza magari ya kukokotwa ni kitu kingine. Lina shingo ndefu na taya nyembamba, linainua kazi mpaka usawa wa kifua, na chini yake kuna nafasi. Unauzungusha ubao unavyotaka, unapita na randa juu, chini na ubavuni, bila kuinama na bila kutukana. Walioyatengeneza waliyatengeneza kwa ajili ya magari ya farasi na nyumbu. Magari hayo yalipokufa, hakuna aliyeona sababu ya kutengeneza jiliwa jingine la aina hiyo. Ndiyo maana hamlipati dukani. Mimi pia sikulipata, na nilikuwa na haraka kuliko nyinyi.

Siku hizo, miaka ya hamsini, basi halikuja likiwa basi. Lilikuja fremu, magurudumu, injini na usukani, basi. Dereva alilitoa bandarini amekaa juu ya sanduku la mbao, taulo kichwani, mdudu mdomoni, na watu wakimpisha njiani kwa heshima zote. Kila kitu kingine kilikuwa kazi yetu sisi mafundi bodi: sakafu, viti, paa, keria ya mizigo, na kabla ya hayo yote, mbavu. Mbavu za basi zilikuwa za mvule, zimepinda kutoka sakafuni kupanda hadi paani, na juu yake tulipigilia mabati. Mbavu zikiwa mbaya, hata upake rangi gani, basi litacheza barabarani na mvua itaingia mahali abiria anapoweka shingo.

Nilijifunza kazi hiyo Ngamiani, Tanga, kwa Fundi Mbwana. Alikuwa mtu wa tambuu na maneno machache. Alikuwa na jiliwa moja la shingo ndefu ambalo sisi tulilipa jina la Korongo, na mafundi wote wa karakana ile tulipanga foleni mbele yake kama watu wa bombani. Fundi Mbwana alilipenda Korongo kuliko alivyotupenda sisi, na nikiangalia nyuma simlaumu. Korongo halikuwahi kumharibia ubao.

Mimi nilimharibia. Nilikuwa na mabega, na mtu mwenye mabega asiyekuwa na kingine cha kujivunia hupenda kukaza. Nikishika mkono wa jiliwa nilikaza mpaka mishipa ya shingo inisimame, halafu nikatazama pembeni kuona nani ameniona. Chuma kilipenya kwenye mti, na ubao ulipotoka ulikuwa na alama kama umeng'atwa. Nguzo ya mlango wa basi moja la Pangani niliing'ata hivyo, mahali pale pale abiria anaposhika akipanda. Nilitaka kuipiga msasa. Fundi Mbwana akanizuia. Akaipaka rangi jinsi ilivyo, akaliachia basi liende.

"Liende na meno yako," alisema. "Kila utakapopanda, uyashike."

Tangu siku hiyo jina langu la Salehe likapotea, nikaitwa Meno.

Halafu siku moja nikapasua ubavu wa paa. Ulikuwa umechongwa tayari, umesuguliwa, umebaki kutobolewa tu. Nikaufunga, nikakaza, nikatazama pembeni, ukalia paa! Fundi Mbwana akatema tambuu, akaokota vile vipande viwili, akaviunganisha na kuviachanisha mara kadhaa kana kwamba vitabadili mawazo. Akaniambia nisiliguse tena Korongo. Nitashika tupa na msasa mpaka mkono wangu upate akili.

Nilikuwa na ndevu wakati huo. Mwanamume mwenye ndevu kuambiwa mkono wake hauna akili, mbele ya watu! Nikaondoka mchana ule ule, bila kuaga.

Hapa lazima niwaeleze, maana nyinyi mkiacha kazi mnatuma ujumbe. Kwetu fundi hakuondoka hivi hivi kwa mwalimu wake. Ulikwenda kwake na sahani ya halua na birika la kahawa, ukamwomba radhi, naye akakusomea fatiha, akakushika mkono. Ukitoka hapo ulikuwa fundi, hata kama huna hata msumari. Ukiondoka bila radhi, ulikuwa na vifaa tu. Watu wa Tanga walijua nani alitoka na radhi na nani alitoka na hasira, na hawakumpelekea kazi yule wa pili. Mimi nilitoka na hasira na nikatoka na aproni ya Fundi Mbwana, kwa kuwa nilisahau kuivua. Nilifika nayo nyumbani Usagara, nikaona haya kuirudisha, nikaificha chini ya godoro.

Mtu wa kwanza aliyenipa kazi hakujua habari za radhi, kwa sababu hakuwa mtu wa mjini. Mzee Zakaria alikuwa mkulima wa kabichi na viazi kutoka milimani upande wa Lushoto, Msambaa, Mlutheri, mpole, mwenye kofia ya pama aliyoivua hata akimsalimia mbuzi. Yeye na ndugu zake walikuwa wamechanga kwa miaka hadi wakapata fremu yao ya basi. Nilikutana naye hotelini kwenye chai, akilalamika kwamba kwa Fundi Mbwana foleni ni ndefu mno. Watu wa usharika wake walikuwa wanalisubiri basi hilo kwa Pasaka. Kwaya ingeteremka nalo mjini kuimba, na hakuna hata mmoja kati ya wale wazee wa kanisa aliyewahi kupanda kitu cha kwao.

"Mimi nitakutengenezea," nikamwambia. "Kabla ya Pasaka."

"Una vifaa, mwanangu? Nasikia kuna chombo kirefu cha kushikia mbao. Wanasema bila hicho mbavu hazinyooki."

"Nina changu," nikasema.

Vijana, sikuwa na changu. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka kwenye zile ndevu, nadhani. Mzee Zakaria akavua kofia, akafumba macho, akaniombea dua ya Kikristo pale pale mezani mpaka chai yangu ikapoa. Siku ya pili fremu yake ikaja Usagara, dereva juu ya sanduku, ikaegeshwa chini ya banda langu la makuti. Majirani walikuja kuitazama. Nilijua wazi kabisa: basi lile lisipotoka kabla ya Pasaka, Mzee Zakaria angelipeleka kwingine, habari ingeenea mpaka milimani, na mimi ningerudi sokoni kubeba magunia, mwenye ndevu na jina la Meno.

Nilianza kutafuta jiliwa refu. Maduka yote ya vyuma mjini nilipita. Mwenye duka mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda nyuma, akarudi na chura. Nikamweleza tena kwa mikono, nikinyoosha shingo yangu mwenyewe. Akaenda nyuma, akarudi na chura mkubwa zaidi. Nikamchukua huyo, nikajaribu kumwinua kwa gogo chini yake. Gogo likapinduka na kuniangukia mguuni, na kwa siku kadhaa nilitembea kama mzee niliye leo.

Mtu akaniambia ng'ambo ya Pangani, huko Mwera, kuna jiliwa la Mjerumani limesimama shambani, shingo hivi. Nikapanda basi, nikavuka kwa kivuko, nikatembea kwenye jua mpaka nikakuta kitu chenye shingo kweli, kimesimama katikati ya minazi. Ilikuwa pampu ya maji. Mwenyewe alikuwa mkarimu sana. Alinipampia maji ninywe, akaniuliza kama nimetoka Tanga yote hiyo kwa ajili ya kiu.

Nilirudi nimevunjika moyo. Na basi nililopanda kurudi lilikuwa lile lile la mlango wenye meno yangu. Nilipopanda niliyashika, kama nilivyoahidiwa. Tulipofika Kigombe injini ikazimika. Abiria mmoja, akiwa amekaa kivulini na kikapu chake, akasema basi hili tangu zamani halina bahati, hata mlango wake umeng'atwa na fisi. Nilisogea mbali naye, na nilipokuwa nasimama karibu na ua wa makuti nikasikia sauti.

Krii. Kimya kidogo. Krii.

Mtu aliyefanya kazi na chombo hukijua kwa sauti. Ile ilikuwa parafujo ndefu, ikizungushwa na mkono usiokuwa na haraka. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikasukuma lango la ua nikaingia, bila hodi, katikati ya uwanja uliojaa wanawake wamekaa kwenye mbuzi za kukunia nazi, kanga ziko mabegani, vichwa wazi. Kelele zilizopigwa zilimwamsha dereva aliyekuwa amelala chini ya injini. Kumbi la nazi likaruka likanipiga kwenye paji la uso. Msichana aliyelirusha anaitwa Mwanahamisi, na leo ni bibi wa wajukuu zangu. Shabaha yake haijapungua.

Nilianguka magotini, nusu kwa kuomba msamaha na nusu kwa lile kumbi. Na mbele yangu, limekazwa juu ya gogo la mkwaju, lilikuwapo jiliwa. Shingo ndefu, taya nyembamba, parafujo inang'aa kwa mafuta ya nazi. Kati ya taya zake, kikibanwa na vibao viwili vya mvule, kulikuwa na kifumbu, ule mfuko wa ukindu wa kukamulia nazi, na tui lilikuwa linashuka taratibu kwenye beseni.

"Wewe nani unayeingia kwa watu kama mwizi wa kuku?" akaniuliza bibi aliyekuwa ameshika mkono wa jiliwa.

"Shikamoo, bibi. Mimi fundi."

"Marahaba. Fundi wa nini asiyejua mlango?"

Huyo alikuwa Bibi Mwanakombo. Marehemu mumewe alikuwa seremala wa magari ya nyumbu kwenye shamba moja la mkonge. Malori yalipokuja, nyumbu waliuzwa na yeye akaambiwa aende nyumbani, achukue na lile jiliwa, kwani hakuna aliyejua la kulifanyia. Alilileta Kigombe kwa mkokoteni. Mikono ya mkewe ilikuwa imeanza kuuma viungo, hawezi kuminya kifumbu, kwa hiyo akalifunga kwenye gogo uani na kumchongea vile vibao viwili. Tangu hapo hakuna harusi, hitima wala maulidi Kigombe iliyokamuliwa nazi mahali pengine.

Nikamwomba aniuzie. Uwanja mzima ukacheka. Nikamwomba aniazime. Wakacheka zaidi. Nikamweleza habari ya Mzee Zakaria, kwaya, Pasaka na uongo wangu, nikiwa bado nimepiga magoti, na nadhani machozi yalinilenga, ingawa nilisingizia lile kumbi.

Bibi Mwanakombo akafikiri. "Jiliwa halitoki hapa," akasema. "Kama mbao zako zina miguu, zije. Siku zisizo na shughuli utalitumia. Siku ya shughuli mbao zitakaa kando, na wewe utakaa hapa kwenye mkono, ukamue. Mimi nimechoka."

Basi hivyo ndivyo mbavu za basi la Mzee Zakaria zilivyochongwa. Nilikata vipande Usagara, nikavipakia juu ya keria ya basi la Pangani, nikashuka navyo Kigombe. Bibi alinipa pembe ya uwanja. Masharti yalikuwa nipige hodi, nifagie maranda yasiingie kwenye mchele, na nisiguse beseni. Ilikuwa Shaabani, Ramadhani iko karibu, na kila aliyekuwa na mtoto wa kuoza alitaka amwoze kabla ya mfungo. Nilifanya kazi siku moja, nikakamua nazi siku mbili zilizofuata.

Siku yangu ya kwanza ya kukamua nilikaza kama nilivyozoea. Nikashika mkono, nikauzungusha mpaka mishipa ikasimama, nikatazama pembeni kuona nani ananiona. Kila mtu aliniona. Kifumbu kikapasuka, machicha yakaruka, yakamvaa shangazi wa bibi harusi kutoka kwenye nywele mpaka kwenye hina ya miguu.

"Unagombana na nani?" Bibi Mwanakombo akaniuliza.

"Nakaza, bibi."

"Naona unakaza. Nakuuliza unagombana na nani. Nazi haijakufanyia kitu." Akanisukuma kando, akaweka kifumbu kingine. "Kaza mpaka uisikie. Hapo, umesikia? Sasa acha. Subiri. Tui linatafuta njia, liache lipate. Halafu tena kidogo. Ukilikimbiza litabaki ndani, na utapasua mfuko."

Niliona ni upuuzi. Fundi bodi mzima nafundishwa kusubiri nazi! Lakini sikuwa na kwingine kwa kwenda, kwa hiyo nikasubiri. Krii. Kimya. Krii. Wale wasichana walinitungia wimbo, kwamba fundi wa basi kashindwa na tui. Ulikuwa na beti nyingi na sitawaandikia, mke wangu bado anaukumbuka na inatosha. Jioni moja, baada ya kukamua kutwa, nikafunga ubavu wa mvule na mkono wangu, bila kuniuliza, ukafanya kama ulivyozoeshwa. Ukakaza mpaka ukasikia, ukaacha. Nikaweka kipande cha kifumbu chakavu kila upande wa taya, maana ukindu hauumizi mti. Nikapitisha randa. Ubavu haukucheza. Nilipoufungua nikautazama kwenye mwanga, nikaupapasa pote. Hapakuwa na alama. Nilikaa chini kwenye makumbi nikacheka peke yangu, na nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kukaza.

Katikati ya mambo hayo Mzee Zakaria alishuka mjini kukagua. Akakuta Usagara fremu yake na kuku wangu wamelala kwenye kiti cha dereva, yaani kwenye sanduku. Nilikuwa nimerudi kuchukua mbao.

"Mwanangu, basi langu liko wapi?"

"Liko Kigombe, mzee."

"Linafanya nini Kigombe?"

"Linasubiri harusi ipite."

Aliivua kofia taratibu sana. Nadhani aliomba dua tena, lakini safari hii kwa ajili ya nafsi yake. Sikuweza kumdanganya mara ya pili, nikampakia kwenye basi, nikampeleka akaone. Bibi Mwanakombo akampa wali wa nazi na samaki, akala kwa utulivu akizitazama mbavu zilizoegemezwa kwenye ua, akarudi milimani bila kunilaumu. Aliniambia tu kwamba kule kwao wameshaanza kufanya mazoezi ya nyimbo. Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Harusi ya mwisho kabla ya mfungo ilikuwa kubwa, na bibi harusi alikuwa mpwa wa Fundi Mbwana. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa kwenye mkono wa jiliwa tangu asubuhi, nimefungwa kanga ya Bibi Mwanakombo kiunoni ili nisichafue suruali, machicha kwenye ndevu, wasichana wako kwenye beti zao, mara nikasikia upande wa pili wa ua mtu anapiga hodi. Akasubiri. Akapiga ya pili. Akasubiri mpaka Bibi akaitikia, wanawake wakajifunika, ndipo lango likafunguka. Fundi Mbwana akaingia na kanzu nyeupe. Baadaye alisema alikuwa barazani na wanaume wenzake akasikia sauti ya parafujo, akashindwa kukaa.

Alilitazama jiliwa kwanza. Kisha akanitazama mimi, kuanzia ndevu, akashuka hadi kwenye kanga.

"Meno," akasema.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nakamua tui, fundi."

"Naona."

Wimbo ulikuwa umekatika. Nilitamani ardhi ipasuke, ila kifumbu kilikuwa katikati ya kazi na sikuweza kukiacha. Nikakaza kidogo, nikaacha, nikasubiri. Fundi Mbwana alinitazama mkono, si uso. Kisha akaenda kwenye mbavu zangu pale pembeni. Akauchukua ubavu wa kwanza, akaupitishia kidole gumba kutoka juu mpaka chini, pande zote nne, akitafuta meno yangu. Akaurudisha, akachukua wa pili. Alizipitia zote. Mwisho akakiinua kidole chake akakinusa.

"Zinanuka nazi," akasema.

"Ndiyo, fundi."

"Hazina meno."

Akakunja mikono ya kanzu, akaomba maji, akanawa, akaja akasimama karibu yangu. "Sogea kidogo," akaniambia, akashika upande wa pili wa mkono wa jiliwa. Tukakamua pamoja, yeye akikaza na mimi nikisikiliza, kisha mimi nikikaza na yeye akisikiliza, mpaka nazi zikaisha. Halafu akamwomba Bibi Mwanakombo sahani ya halua na kahawa, akaiweka mbele yangu ili mimi nimkaribishe yeye, kana kwamba ni mimi niliyeileta. Nililia wazi, mbele ya wasichana wote wale. Akanisomea fatiha hapo hapo katikati ya vifuu na makumbi, akanishika mkono uliojaa tui. Wenzangu wote walipata radhi zao wamevaa kanzu na koti. Mimi niliipata nimevaa kanga, na aproni yake iko chini ya godoro langu.

Basi lilitoka Usagara siku chache kabla ya Pasaka. Tulipigilia mabati tukiwa na saumu, na Fundi Mbwana alileta watu wake watusaidie bila kuombwa. Siku kwaya iliposhuka nalo kutoka milimani nilisimama kando ya barabara nikawasikia kabla sijawaona. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa mbele, wamenyooka, wanashika kila kitu kwa vidole kuhakikisha ni cha kweli. Mzee Zakaria alinipungia kofia kutoka dirishani. Alikuja kunilalamikia jambo moja tu: kila mvua ikinyesha basi zima lilinuka wali wa nazi, na mkewe alikuwa akifika mjini na njaa.

Niliunda mabasi mengine baada ya hapo, kisha zikaja bodi za chuma na kazi yetu ikaisha. Mabasi yangu yote yameoza. Fundi Mbwana alipofariki, warithi wake walimuuzia Korongo mnunuzi wa chuma chakavu, akalitupa juu ya mabomba na vitanda vibovu. Nilipata habari limeshaondoka. Niliumia siku nyingi, na hata leo nikipita pale Ngamiani natazama upande mwingine.

La Bibi Mwanakombo liko hai. Alipoona siku zake zimekaribia aliniita, akaniambia nilichukue nikalifanyie kazi, lakini shughuli za Kigombe ni zake kama zamani. Nimelitumia kwa milango, makasia, miguu ya vitanda na mipini ya majembe, na kila inapokuja harusi nalifungua kwenye benchi, naliosha kwa maji moto na majivu, nalipeleka. Zamani kwa baiskeli, siku hizi kwa gari la mtu yeyote mwenye huruma. Watoto wa kule hawajui kwamba niliwahi kuunda basi. Wakiniona nashuka wanapiga kelele, "Babu wa tui kaja!" Na mimi huitikia.

Mlisema mtaliweka kwenye kioo cha duka lenu, watu waone vitu vya zamani. Hapana. Lakini mikono yangu sasa inauma kama ilivyomuuma Bibi, na ni kweli kwamba lazima nimpate mtu. Kwa hiyo, anayelitaka asije na bei. Kuna harusi Kigombe kabla ya mfungo. Aje asubuhi, apige hodi, asubiri aitikiwe. Nitampa kifumbu kilichojaa, nisimame nyuma yake, nisikilize. Akikaza akasubiri, aondoke nalo pamoja na harusi zake zote. Na akikipasua, Mwanahamisi anayo kanga ya kumfunga, aanze upya. Mimi nilianzia hapo hapo.